Mistari Myeusi

Mwalimu aliandika kwenye ripoti ya dada yangu:
"Danguolė ni mtiifu. Hana ubunifu."
Mama akaisoma kwa sauti, supu ya bitiruti ikipoa mezani,
nami nikacheka hadi kijiko kikaniponyoka.
Nilikuwa na miaka tisa, na tayari nilikuwa msanii.

Sasa yuko chini ya hospitali, hapa hapa Kaunas,
orofa isiyo na dirisha,
huko vinakoshuka vyombo vya upasuaji vikiwa na damu
na kupanda tena vikiwa havimkumbuki mtu.

Saa kumi na mbili kasorobo anavaa kofia ya karatasi.
Ananawa, akihesabu moyoni mpaka arobaini
(si thelathini na tisa; nilimuuliza).
Koleo hufunguliwa kwanza, ndipo ioshwe.
Mkasi huinuliwa kwenye mwanga: bawaba, kisha makali.
Trei ya tumbo, vipande sitini na viwili.
Trei ya jicho, kumi na tisa, kimojawapo
chembamba kama unywele wa mtoto.
Kitambaa kinakunjwa pembe nne,
ya mwisho huachwa ikitoa ulimi
ili mwenye glavu avute bila kugusa.
Juu yake utepe wa rangi ya maziwa,
ambao ukishapikwa kwa mvuke
hujichora mistari myeusi.
Chini ya mistari anaandika tarehe, namba ya tanuri, D.P.
Ndiyo sahihi yake. Husomwa mara moja, huchanwa, hutupwa.

Mimi nachonga vikaragosi vya mbao.
Nina mfalme asiye na miguu tangu Pasaka ya mwaka juzi.
Nina mbuzi niliyemgeuza daktari, akawa mbuzi tena.
Kila asubuhi naanza upya,
kama mtu aliyesahau mlango wa nyumba yake.
Nilimwuliza, "Huchoki? Kitu kilekile, kitu kilekile?"
"Si kilekile," akasema. "Jana kilikuwa cha mtu mwingine."
Kisha akaniuliza kama nimelipa umeme.

Aliletwa kijana, Žygimantas, aboreshe mambo.
Alitaka dakika sita zipunguzwe kwenye ukaushaji.
Alikuwa na mchoro wa mishale, rangi tatu.
Dada alimsikiliza hadi mwisho,
akamletea trei aliyoitoa dakika sita kabla ya wakati,
akamwambia apitishe kidole.
Kidole kikarudi na unyevu.
Hakuna aliyepaza sauti. Mishale ikarudi mkobani.

Februari mfuko wangu wa nyongo ukakataa kusubiri.
Nikasukumwa chali chini ya taa: moja, mbili, nne.
Hata taa zilinishinda kuhesabu.
Muuguzi akaweka furushi la buluu mezani,
nikageuza shingo.
Mistari myeusi. Tanuri la tatu. D.P.,
ile D yenye kitambi,
anayoiandika hivyo tangu darasa la kwanza
kwa sababu ndivyo ilivyokuwa ubaoni.

Sikusali. Nilijaribu, maneno yakaja na madoido mengi mno.
Badala yake nikafuatana naye:
koleo hufunguliwa kwanza,
bawaba, kisha makali,
pembe ya kwanza, ya pili, ya tatu,
mtu akanifunika pua

Nilipozinduka alikuwa kando ya kitanda, koti la baridi mwilini,
akikunja shati langu pembe kwa pembe.
"Trei ile," nikasema, ulimi mzito. "Ulijua ni yangu?"
"Hapana. Ningefanya nini tofauti?"
Akatazama saa; basi lake huondoka na dakika kumi na moja.
Nje theluji ilikuwa ikianguka vyovyote ilivyotaka.

Aliniachia kikaratasi:
kidonge saa mbili, saa kumi, saa nane ya usiku. Baada ya kula.
Nilikifuata siku tatu.
Siku ya nne nikachora mbuzi nyuma yake,
na sasa sikumbuki nimekiweka wapi.